Maswali ya Wasomaji: Fedha za Duka la Mtandaoni Zipitie Wapi?

Barua nyingi tulizozipokea safari hii zinahusu jambo moja. Duka limekwisha kufunguliwa mtandaoni, bidhaa zimepigwa picha, wateja wameanza kuagiza, na mwenye duka hana hakika fedha zipitie wapi ili zimfikie salama bila kumweka mteja wake hatarini. Majibu yetu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa baadhi ya maswali yanagusa makosa yanayowaumiza watu kila siku na yanadai kuelezwa hatua kwa hatua. Majina ya waandishi hatukuyachapisha.

SWALI: Mhariri, salaam. Nina duka la vitenge na mashuka Kariakoo, Dar es Salaam. Nimezoea kuuza kupitia Instagram na WhatsApp: mteja ananitumia fedha kwenye namba yangu ya simu, kisha ananitumia picha ya ujumbe wa malipo, nami namkabidhi bodaboda mzigo. Hivi karibuni mzigo wa vitenge ulikwenda Mbezi na fedha hazikuwahi kuingia, kumbe picha ilikuwa ya kughushi. Sasa kijana mmoja amenitengenezea tovuti ya duka na ananiuliza malipo yapitie wapi. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa mzigo uliopotea. Kabla ya habari ya tovuti, naomba jambo moja libadilike leo hii: picha ya ujumbe isihesabiwe tena kuwa uthibitisho wa malipo. Picha hutengenezwa kwa dakika chache, na hata ujumbe wenyewe unaoingia kwenye simu yako unaweza kuwa umetoka kwa tapeli aliyeiga maneno ya kampuni ya simu. Uthibitisho ni fedha kuonekana kwenye salio au kwenye taarifa ya miamala ya akaunti yako, uliyoifungua wewe mwenyewe. Bodaboda asiondoke kabla ya hapo, hata kama mteja analalamika kwamba ana haraka. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuupeleka kwenye namba 15040, ambayo hapa Tanzania imewekwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha za duka na namba yako binafsi. Namba binafsi ina matatizo matatu kwa pamoja: imechanganya fedha za nyumbani na za biashara, inajulikana na kila mteja na hivyo inawavutia matapeli wanaojaribu kuzihamishia laini za watu kwenye simu zao, na haiwezi kuunganishwa na tovuti ili oda ijithibitishe yenyewe. Chukua Lipa Namba ya biashara au fungua akaunti ya biashara benki. Utaombwa TIN, leseni ya biashara na kitambulisho, na kama umesajili kampuni, hati za BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Hatua ya pili ndiyo anayokuuliza kijana. Kwa Tanzania wateja wako wamegawanyika: mmoja ana M-Pesa ya Vodacom, mwingine Airtel Money, mwingine Mixx by Yas, iliyokuwa ikiitwa Tigo Pesa, mwingine HaloPesa, na wachache watataka kulipa kwa kadi. Kuunganisha tovuti na kila mtandao peke yake ni kazi ndefu, na kila kiungo kinakuwa mahali pengine pa kuharibika. Kwa duka la ukubwa wako ni busara zaidi kupitia kampuni moja ya malipo inayokusanya mitandao yote, kama Selcom, AzamPay, ClickPesa au Pesapal. Nazitaja kama mifano tu, bila kukuchagulia.

Kabla ya kutia saini, hakikisha kwamba kampuni hiyo ina leseni ya Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kisha uliza fedha zinakaa kwao siku ngapi kabla ya kuingia kwenye akaunti yako, ada inakatwa kwako au kwa mnunuzi, na mteja akirudisha bidhaa fedha zake zinarejeshwa kwa njia gani. Wafanyabiashara wengi hulinganisha ada peke yake na kuishia hapo. Kwa maoni yangu, swali zito zaidi ni nani atakayepokea simu yako Jumamosi jioni muamala ukikwama katikati, mnunuzi amekatwa fedha nawe hujazipata. Wapigie kabla ya kujiunga uone wanavyojibu.

Kama unataka kuendelea kuwaruhusu wateja walipe wanapopokea mzigo, endelea. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, utaratibu huo humjengea imani. Sharti langu ni kwamba mteja alipe kwenye Lipa Namba ya duka, wala si kwenye namba ya bodaboda, nawe uthibitishe kabla kifurushi hakijafunguliwa.

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa tovuti hapa Nakuru. Nimemuunganishia mteja wangu, mwenye duka la vipuri vya magari, malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa. Mnunuzi anaandika namba yake ya simu, anapata ujumbe wa kuweka PIN, kisha oda inajiandika kuwa imelipwa. Tatizo ni kwamba tumekuta oda kadhaa zilizoandikwa kuwa zimelipwa ilhali kwenye Paybill, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo, hakuna fedha, na nyingine imelipwa shilingi moja badala ya elfu kadhaa. Hitilafu iko wapi?

JIBU: Oda zinazojiandika kuwa zimelipwa bila fedha zina chanzo kimoja: tovuti inaiamini kauli ya malipo bila kumuuliza mwenye kuzishika fedha. Tufuate ombi moja la STK Push, yaani ule ujumbe wa kuweka PIN, tangu mwanzo hadi mwisho ili tuone kauli hiyo inapoingilia.

Mnunuzi anapobofya kitufe cha kulipa, seva ya duka hutuma ombi Daraja. Ombi hilo lina namba ya Paybill, kiasi, namba ya simu, anwani ambako majibu yatapelekwa, na nywila iliyotengenezwa kwa kuunganisha namba ya Paybill, ufunguo wa siri mliopewa na Safaricom, na saa ya ombi lenyewe. Daraja hujibu papo hapo, na katika jibu hilo la kwanza kuna ResponseCode yenye thamani 0. Hapa ndipo watengenezaji wengi hujikwaa. Sifuri hiyo inasema kwamba ombi limepokelewa, na haisemi zaidi ya hapo. Wakati huo mnunuzi huenda hata hajaitazama simu yake. Anaweza kuweka PIN, anaweza kughairi, anaweza kukosa salio, au simu yake inaweza kuwa imezimwa. Matokeo ya kweli huja baadaye kwenye anwani yako ya majibu, yakiwa na ResultCode. Sifuri ya ResultCode ndiyo inayotangaza kwamba malipo yamefanyika, ilhali 1032 ni mnunuzi aliyeghairi, 1037 ni simu isiyopatikana au isiyojibu, na 1 ni salio pungufu. Ikiwa msimbo wako unaandika "imelipwa" mara tu unaposoma ResponseCode, umekwisha kupata maelezo ya oda nyingi zisizo na fedha.

Huenda pia kuna mtu anayekudanganya kwa makusudi. Anwani ya majibu lazima iwe wazi kwenye intaneti, maana Daraja isipoifikia haitaleta matokeo. Lakini mlango ulio wazi kwa Safaricom uko wazi kwa watu wengine pia, na watengenezaji wengi huipa anwani hiyo jina lile lile walilolikuta kwenye mifano ya mafunzo. Mtu anayelikisia jina hilo anaweza kuanzisha oda, akaghairi ombi kwenye simu yake, kisha akatuma ujumbe wake mwenyewe kwenye anwani hiyo, wenye ResultCode 0 na namba ya risiti aliyoibuni. Usichukulie kwamba ujumbe umetoka Safaricom kwa sababu tu una sura ya ujumbe wa Safaricom. Ipe anwani hiyo jina refu lisilokisiwa, na uipangie seva ikatae maombi yasiyotoka kwenye anwani za mtandao za Safaricom. Ukipokea ujumbe, tafuta CheckoutRequestID yake, yaani utambulisho wa ombi la malipo, katika hifadhidata yako, na kama huna oda inayosubiri yenye utambulisho huo, ukatae. Kisha, kabla mzigo haujatolewa, seva yako iiulize Daraja yenyewe hali ya ombi hilo kwa huduma ya kuulizia iliyopo. Hatua hii ya mwisho ndiyo nisiyokubali iachwe hata kwa duka dogo kabisa, kwa sababu mdanganyifu anaweza kukuandikia ujumbe wowote autakao, lakini hawezi kuibadilisha kumbukumbu iliyoko upande wa pili.

Ile oda ya shilingi moja ina sababu nyingine. Bila shaka kiasi cha kulipwa kinasomwa kutoka kwenye fomu iliyoko katika kivinjari cha mnunuzi. Mnunuzi mwenye ujuzi kidogo huifungua fomu hiyo, hubadilisha 4,500 kuwa 1, kisha huweka PIN yake kwa utulivu. Kila kitu kinachofuata ni halali: risiti ni ya kweli, fedha ni za kweli, ResultCode ni 0. Ulinzi wote niliouelezea hapo juu hautamgundua. Dawa ni kwamba kivinjari kitume utambulisho wa bidhaa na idadi yake tu, na seva ikokotoe bei kutoka kwenye hifadhidata yake, pamoja na nauli ya kufikisha mzigo na punguzo lolote. Majibu yakifika, linganisha kiasi kilicholipwa na jumla ya oda, na kama havilingani, oda isimame ikaguliwe na mtu.

Kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza lakini yatakufikia. La kwanza ni ujumbe wa majibu kufika mara mbili. Namba ya risiti ya M-Pesa iwekwe katika hifadhidata kama thamani isiyoruhusiwa kujirudia, ili risiti moja isilipie oda mbili. La pili ni ujumbe usiofika kabisa, kwa mfano seva yako ilipozimika kwa muda mfupi. Mnunuzi amekatwa fedha, tovuti inamwambia malipo yameshindikana, naye analipa tena. Hili naliona zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa anayelipa mara mbili kwa simu mara nyingi ndiye asiye na akiba ya kusubiria marejesho. Weka hali ya kati inayosema oda inasubiri uthibitisho, ufunge kitufe cha kulipa wakati huo, na uiandikie seva kazi ya kuiulizia Daraja kila baada ya muda mfupi kuhusu oda zote zilizo katika hali hiyo.

Mwisho, funguo za Daraja zisionekane katika msimbo unaopakiwa na kivinjari, wala zisiwekwe GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo. Zikiwahi kuonekana huko hata kwa saa moja, kulifuta faili hakutoshi, kwa kuwa historia ya mradi huihifadhi. Omba funguo mpya. Na kabla ya kumkabidhi mwenye duka kazi yake, jitumie wewe mwenyewe ujumbe wa majibu wa kughushi, ubadilishe bei kwenye fomu, urudie risiti moja mara mbili, uone duka linavyofanya. Wasomaji wanaotumia kampuni nyingine za malipo wafuate utaratibu huu huu, na kama kampuni yao huweka saini ya kidijitali kwenye majibu, saini hiyo ikaguliwe kila mara.

SWALI: Assalaam alaykum. Nina nyumba ndogo ya wageni Paje, Zanzibar, na tunapeleka wageni kwenye mashamba ya viungo. Wageni wengi wanatoka Ujerumani na Italia. Wanaponunua nafasi mtandaoni, huwa nawaomba wanitumie kwa barua pepe namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, kisha nakata fedha kwenye mashine ya benki. Mgeni mmoja alikaa siku zake zote, akarudi kwao, na benki ikazirudisha fedha kwake kwa madai kwamba hakufanya malipo hayo. Nijilinde vipi?

JIBU: Waalaykum salaam. Ndugu yangu, utaratibu huo uache leo, kwa ajili ya wageni wako na kwa ajili yako pia.

Barua pepe hubaki. Kuna nakala kwenye sanduku la mgeni, kwenye lako, kwenye simu ya kila mfanyakazi anayejibu barua za wageni, na yeyote atakayeipata nywila ya sanduku hilo atakuwa amepata kadi za wageni wote wa miaka yote. Kampuni za kadi, yaani Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB, zilianzisha mwaka 2006 baraza linalosimamia kanuni za usalama ziitwazo PCI DSS, na kanuni hizo humhusu kila anayepokea kadi, awe na hoteli kubwa au vyumba vinne. Kanuni moja haina ubishi: zile tarakimu tatu haziruhusiwi kuhifadhiwa baada ya malipo kuidhinishwa, hata zikifichwa kwa msimbo. Barua pepe iliyomo tarakimu hizo tayari ni kumbukumbu iliyohifadhiwa. Futa zote, ukianza na za zamani, usisahau folda ya zilizofutwa.

Badala yake, omba benki yako au kampuni ya malipo, kama DPO Pay au Pesapal, ikupe kiungo cha malipo. Unamtumia mgeni kiungo, anafungua ukurasa wa kampuni hiyo, anaandika kadi yake huko, nawe unapata matokeo na tarakimu nne za mwisho tu. Mzigo wako wa kanuni unapungua sana, kwa sababu huwezi kuvujisha kitu usichokuwa nacho. Uliza pia kama huduma ya 3-D Secure imewashwa. Hiyo ndiyo inayomfanya mgeni athibitishe malipo kwa benki yake mwenyewe, kwa programu ya simu au kwa namba ya siri ya muda. Muamala ukithibitishwa hivyo, dai la "si mimi niliyelipa" kwa kawaida huibebesha hasara benki iliyotoa kadi badala ya kukubebesha wewe. Ulipokuwa ukiandika namba za kadi kwenye mashine mgeni akiwa mbali, hukuwa na kinga hiyo.

3-D Secure haikukingi na mgeni anayedai kwamba huduma haikuwa kama ilivyotangazwa. Kwa hilo silaha yako ni kumbukumbu: masharti ya kughairi yaonekane kabla ya kulipa na mgeni ayakubali kwa kuweka alama, uthibitisho wa nafasi utumwe kwa maandishi, na siku ya kufika atie saini kwenye fomu ya wageni. Benki ikikuandikia kuhusu malalamiko, hesabu siku ulizopewa na ujibu mapema ukiambatisha karatasi hizo. Wenye nyumba wengi hupoteza fedha zao kwa kukaa kimya tu.

Huenda mtengenezaji wa tovuti yako atapendekeza sehemu ya kuandika kadi ikae ndani ya ukurasa wako mwenyewe ili mgeni asitoke kwenye tovuti. Inapendeza machoni, lakini jihadhari. Mwaka 2018 wahalifu walipenyeza mistari 22 ya msimbo wa JavaScript kwenye tovuti ya shirika la ndege la British Airways. Wasafiri walijaza kadi zao kama kawaida, tiketi zilitoka kama kawaida, na nakala ya walichokiandika ilikwenda kwenye tovuti ya wahalifu. Watu zaidi ya 400,000 waliathirika, shirika halikujua kwa zaidi ya miezi miwili, na mwezi Oktoba 2020 ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa ililitoza faini ya pauni milioni 20. Kila msimbo wa nje unaouweka kwenye tovuti, kama kisanduku cha kuchati, kihesabu cha wageni au tangazo, unaweza kusoma kinachoandikwa kwenye ukurasa huo. Ndiyo sababu toleo la 4 la PCI DSS limeweka masharti ya kuijua na kuifuatilia misimbo inayopakiwa kwenye ukurasa wa malipo, masharti yaliyoanza kuwa ya lazima tarehe 31 Machi 2025. Nyumba ya wageni isiyo na fundi wake wa kudumu haina uwezo wa kulifanya hilo vizuri. Mpeleke mgeni kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na hapo ukae kwa amani.

SWALI: Tovuti ya duka langu la vifaa vya uvuvi hapa Mwanza inaonyesha maneno "Si salama" juu kabisa. Fundi anataka nilipe kila mwaka kwa ajili ya cheti cha usalama. Je, nikilipa, duka litakuwa salama?

JIBU: Cheti unakihitaji bila mjadala, na hakuna kampuni makini ya malipo itakayokubali tovuti isiyo nacho. Lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2015 shirika liitwalo Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo bure kwa umma, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukiweka na kukihuisha zenyewe. Mlipe fundi kwa kazi yake ya kukisimika, lakini mwambie akuonyeshe kwa nini cheti cha bure hakikufai.

Kuhusu swali lako la pili, hapana. Cheti huyafanya yaliyoandikwa na mteja yasisomeke njiani kati ya simu yake na seva yako. Hakiizuii seva kuvamiwa wala hakithibitishi kwamba mwenye duka ni mwaminifu, na matapeli nao wana vyeti. Google iliiondoa alama ya kufuli kwenye kivinjari cha Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiipa maana ambayo haina.

Kinachowaangusha wenye maduka madogo mara nyingi ni programu zilizopitwa na wakati. Kama duka lako limejengwa kwa WordPress na WooCommerce, programu za kujengea tovuti na maduka, hakikisha masasisho yanaingia. Mwezi Machi 2023 programu-jalizi (programu ya nyongeza) ya malipo iitwayo WooCommerce Payments iligunduliwa kuwa na kasoro iliyomwezesha mtu asiye na nywila yoyote kujifanya msimamizi wa duka. Marekebisho yalitolewa upesi, lakini yanamfaa yule tu ambaye tovuti yake iliyapokea. Na fundi wako asikuwekee programu-jalizi ya kulipia aliyoipata bure kwenye tovuti za wizi, kwa kuwa nyingi huja zikiwa zimekwisha kufichiwa mlango wa nyuma wa kumwingiza mwizi.

SWALI: Je, naruhusiwa kuwatumia matangazo wateja wote walionilipa, kwa kuwa namba zao ninazo? Ninauza asali Dodoma.

JIBU: Namba ulipewa kwa ajili ya malipo na kufikisha mzigo. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zitumike kwa lengo lililofanya zikusanywe, na anayekusanya taarifa za watu anapaswa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Weka kisanduku kwenye ukurasa wa kulipa, kikiwa hakijawekewa alama, na mteja anayetaka matangazo akiweke alama mwenyewe. Wasomaji wa Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019 yenye mwelekeo huo huo. Taarifa usizozihitaji kwa hesabu wala kwa kodi, zifute.

SWALI: Ninauza udi na manukato mtandaoni kutoka Mombasa. Kijana aliyenitengenezea duka tumekosana na ameondoka. Nywila zote anazo yeye, na sijui nianze wapi. Malipo bado yanaingia.

JIBU: Mama, anza na fedha, kisha urudi nyuma kwenye mengine. Leo, kabla ya kumpigia mtu yeyote, ingia au piga simu kwenye kampuni yako ya malipo uhakikishe kwamba akaunti ya benki inayopokea fedha ni yako na haijabadilishwa. Waombe kwa maandishi wafunge watumiaji wote wasio wewe na watoe funguo mpya za kuunganishia tovuti. Malipo yatasimama kwa muda mpaka funguo hizo ziingizwe kwenye duka, na ni heri yasimame.

Linalofuata ni barua pepe, kwa sababu kila nywila nyingine hubadilishwa kupitia hiyo. Kama akaunti za duka zilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana, zihamishie kwenye yako. Halafu jina la tovuti: muulize msajili jina hilo limeandikwa kwa nani, na likiwa la kijana, fuata utaratibu wao wa kulihamisha ukiwa na cheti chako cha usajili wa biashara. Mwenye kulidhibiti jina la tovuti anaweza kuwapeleka wateja wako wote kwenye duka lingine linalofanana na lako bila kuigusa seva. Kisha ibadilishe nywila ya seva na ya msimamizi wa duka, na uombe fundi mwingine akague kama kuna mtumiaji aliyefichwa. Simtuhumu kijana kwa lolote. Hatua hizi huchukuliwa kila mtu mwenye funguo anapoondoka, hata akiondoka kwa heri.

Ukishashika kila kitu, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, kampuni ya malipo na duka. Tumia programu ya simu inayotoa namba za muda badala ya ujumbe mfupi, maana laini ikihamishwa na tapeli, ujumbe huhamia kwake. Kila mfanyakazi awe na jina lake la kuingilia, na anayefunga mizigo asiwe na uwezo wa kurejesha fedha.

Kila jioni, weka mbele yako orodha ya oda zilizolipwa, ripoti ya kampuni ya malipo na taarifa ya benki. Fedha za leo zinaweza kuingia benki kesho, na hilo si kosa, lakini oda iliyolipwa isiyoonekana kwenye ripoti, au marejesho ambayo hukuyaidhinisha, yatafutiwe sababu siku hiyo hiyo. Na marejesho yarudi kwenye namba au kadi ile ile iliyolipa, hata mteja akikusihi vipi umtumie kwingine. Kuna watu hulipa kwa kadi ya wizi, wakaghairi oda baada ya saa moja, wakaomba warejeshewe kwenye simu. Mwenye kadi akilalamika, benki itazichukua fedha hizo kwako kwa mara ya pili.